Sabuni Iliyoganda Njombe

Bunju, alasiri

Salha mwanangu,

Umekwenda Kariakoo kununua soksi, begi umeliacha wazi mlangoni kama mtu anayesema mama malizia. Nimemalizia. Mambo ya kula na kulala na kujifunika sitayaandika, akili unayo na umri unao. Nataka kukuandikia lile jambo ambalo kila nikilifungulia mdomo unanyanyuka na kujifanya umeitwa na jirani. Mie utaninyanyukia, barua hutaweza.

Ni habari ya shangazi yako Tatu na sabuni yake iliyoganda Njombe.

Juzi tukipakia madumu kwenye lori uliniambia, "Mama, umeshashinda. Sasa mwache." Halafu ukasema na jingine kwa sauti ndogo, ukidhani injini imelimeza: "Na mie nilikaa kimya." Nililisikia. Ndiyo sababu ya barua hii. Kesho unakwenda kuishi kule kule, kuwauzia watu wale wale, na sitaki uondoke na mzigo usio wako. Kilichofanyika nilikifanya mie. Nataka ukijue toka mwanzo, na ukijue kwangu, si kwa watu wa Chang'ombe wanaosema nilikwenda kwa mganga. Sikwenda kwa mganga yeyote. Niliulizwa, nikajibu.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo wa kuuza. Mie nilikuwa na mkono wa kuchanganya. Kabla hujazaliwa nilikuwa kibarua wa kuosha mapipa katika kiwanda kimoja cha sabuni, na huku naosha, macho yangu yalikuwa kwa wanaokoroga. Tulipooana, mahari yangu ndiyo iliyonunua pipa letu la kwanza na dumu la kwanza la slesi, ule uji mzito unaong'aa ambao ndio uti wa mgongo wa sabuni ya maji. Tukakodi banda Chang'ombe, nyuma ya gereji. Ulipozaliwa, baba yako akaipa sabuni jina lako. Akalichora kwa mkono wake, Salha, na ua pembeni ambalo mie nilimwambia linafanana na buibui.

Tatu alikuwa mdogo wake. Alipoachika alikuja kwetu na kanga zake ndani ya mfuko wa rambo, baba yako akamweka bandani awe anajaza chupa. Sikumchukia. Hilo nalo ulijue, maana wengi hudhani wifi na wifi huanza kwa chuki. Nilimpenda. Tulipakana hina, tulicheka mpaka baba yako akatufukuza jikoni tumwachie usingizi.

Baba yako alipofariki nikaingia eda. Unajua eda ilivyo: mjane yumo ndani, hatoki, anangoja siku zake ziishe. Tatu alikuja kila asubuhi na uji wa mchele wenye pilipili manga, akakaa kwenye mkeka wangu, akaniliza na kunibembeleza. Siku moja akasema:

"Wifi, wateja wanauliza. Nifundishe kuchanganya basi, banda lisije likafungwa wewe ukiwa ndani."

Nikamfundisha. Nilikuwa nimevaa nyeupe, macho yamevimba, nina ndoo na mwiko mbele yangu, namwonyesha kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Nikamwonyesha hata chumvi ya kula inavyoifanya sabuni iwe nzito, kwamba unatia kidogo kidogo, na ukizidisha inakugeuka na kuwa maji tena. Alishika upesi. Nilimsifu.

Eda haijaisha, nikakutuma bandani ukaniletee ndoo yangu ya bluu. Ulirudi mikono mitupu. "Mama," ukasema, "kuna kufuli lingine."

Wazee wa ukoo walikaa. Tatu akawaambia mtaji ulikuwa wake, kwamba ni fedha alizopewa na mumewe alipomwacha, na kaka yake alikuwa akimsimamia tu. Wakaniuliza shahidi wangu nani. Shahidi wa mahari yangu alikuwa mmoja, naye nilikuwa bado namkalia eda. Dini inamjua mjane na inamjua binti, lakini wazee walimjua Tatu, mtoto wao. Tukapewa kitanda, masufuria, na kiwanja cha Bunju ambacho wakati ule hakuna aliyekitaka, pori tupu na nyoka. Banda akabaki nalo. Na sabuni ikaendelea kuuzwa kwa jina lako. Ulikuwa ndiyo kwanza umejua kusoma. Ukiiona dukani unalisoma jina lako kwa furaha, kwa sauti, na mie nakuvuta mkono twende.

Ukitaka kosa langu, ni hilo: nilifundisha kazi yangu nikiwa nalia. Mtu akija kujifunza siku ya msiba wako, mpe chai, umwambie arudi.

Huku Bunju sikuwa na uwezo wa slesi. Nikawa nanunua zile chembe nyeupe kavu, ndefundefu, ambazo wewe uliziita tambi mpaka na mie nikazoea. Tambi zina povu, tena povu kubwa kuliko slesi. Unazitia kwenye maji ya uvuguvugu, zinapotea, maji yanabaki kama ya kisima. Nilikuwa nakoroga uani, naongeza chumvi iwe nzito, kisha nakwenda kuwauzia wauza samaki wa Kunduchi, wapate kuondoa shombo mikononi.

Bi Mwantumu, yule mnene wa kuuza changu, alikuwa mteja wangu wa kwanza pale. Sabuni yake alikuwa anaificha ndani ya boksi la barafu, chini ya samaki, isiibiwe. Siku moja nimefika, akanisimamisha mbele ya watu, chupa ameishika juu.

"We mama Salha! Umeniuzia nini mie? Chokaa?"

Nikaitazama. Ilikuwa nyeupe, imeshikana, na ukiigeuza kwenye mwanga ndani kulikuwa na vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba. Nikaitikisa, haikutikisika.

"Huyo kakanda muhogo," mtu mmoja akasema, na pwani nzima ikacheka.

Nilirudisha fedha yake, nikaichukua chupa, nikaja nayo nyumbani na aibu yangu. Niliiweka juu ya ukuta, juani, nikisema nikishapumzika nitaimwaga. Nilikuwa nimejilaza wewe ukaingia mbio.

"Mama, imepona."

Nikatoka. Ilikuwa maji matupu, safi, kama nilivyoikoroga.

Wewe labda ulisahau siku ile, mie sikuisahau. Nilimwomba Bi Mwantumu nafasi kwenye barafu yake. Nikatia chupa ya tambi bila chumvi, ya tambi yenye chumvi, na ya slesi kidogo niliyoomba kwa mtu. Ya chumvi ndiyo iliyotangulia kuganda. Ya tambi tupu ikafuata taratibu. Ya slesi ilikaa kwenye barafu mpaka samaki wakaisha, na ilikuwa bado inamiminika. Zile mbili nikazitia kwenye maji ya moto, zikarudi. Nikazirudisha kwenye barafu, zikaganda. Nikazipasha tena, zikarudi tena. Bi Mwantumu akaniambia nimepagawa.

Nikaenda mjini kwa Bwana Murtaza, yule Mhindi muuza kemikali aliyekuwa akimwuzia baba yako. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile alifunga daftari lake akanivutia kiti.

"Mama, hiyo nayo ni chumvi," akasema. "Si ya kutia kwenye mchuzi, lakini ni chumvi. Upande mmoja wa mwili wake ni mafuta, hautaki maji. Upande wa pili unayapenda maji. Na kila chumvi ya namna hiyo ina joto lake. Maji yakiwa na joto hilo kwenda juu, inayeyuka, inajikusanya vifundo vidogo visivyoonekana kwa macho, na vifundo hivyo ndivyo vinavyobeba uchafu. Maji yakipoa chini ya hapo, inaachana nayo. Chembe zake zinapangana moja moja kama matofali. Zinakuwa fuwele."

"Kwa hiyo imeharibika?"

"Haijaharibika hata kidogo. Ipashe moto, itarudi."

"Na chumvi ya kula inafanya nini?"

"Inaisukuma itoke mapema. Zote mbili zina sodiamu, ni ile ile. Ukijaza nyingine ndani ya maji, hii inakosa pa kukaa."

"Na slesi?"

"Slesi wamemwongezea kipande katikati kinachopenda maji. Hapangiki kirahisi. Baridi ya nchi hii haimgandishi."

Nilimshukuru. Toka siku hiyo nikadunduliza mpaka nikarudi kwenye slesi, kidogo kidogo, na elimu ile nikaikalia. Nani angeniuliza? Dar hakuna baridi. Hapa mtu anaweza kuuza tambi na chumvi maisha yake yote asijue kuna kitu kimelala ndani ya dumu lake.

Miaka ikapita. Watu walisema mimi na Tatu tumepatana, kwa sababu siku za Idi tulikuwa tunapelekeana sahani. Sahani ni sahani tu. Nilikuwa napeleka pilau na nauliza hali yake, na kila nikirudi napita mbele ya banda nasoma jina lako kibaoni.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne siku aliyokuja. Wewe ndiye uliyemletea sharubati ya ukwaju, ukasimama mlangoni na sinia. Alikuwa amenawiri, bangili mpaka kiwikoni.

"Wifi, nimepata wateja nyanda za juu," akasema. "Njombe. Shule ya bweni na nyumba za wageni. Wanataka mwezi wa sita. Lakini slesi imekuwa adimu, nasikia wewe ulishawahi kutumia zile chembe kavu mnazoziita tambi. Zinafaa?"

Mwanangu, moyo wangu ulisimama, ukakaa, ukatulia. Sijawahi kutulia vile.

"Zinafaa," nikamwambia. "Zina povu kuliko slesi."

"Wanapenda povu hao. Na ikitoka nyepesi?"

"Ongeza chumvi. Si nilikufundisha?"

"Ulinifundisha, wifi. Mungu akulipe."

Hakuna neno la uongo hapo. Litafute, hutaliona. Alikunywa sharubati yake akaaga, nikamsindikiza mpaka barabarani nikimshika mkono. Niliporudi ulikuwa bado mlangoni na sinia lako.

"Mama, Njombe si kuna baridi?"

"Nenda kaanue nguo."

"Mama, si kama ile chupa ya Bi Mwantumu?"

"Salha. Nguo."

Ukaenda kuanua nguo. Hicho ndicho kimya chako unachokibeba mpaka leo? Kimya hicho nilikuamuru mie. Ulikuwa mtoto ndani ya nyumba yangu, ulisema ulichokiona, ukanyamazishwa. Kitue hapa.

Mwezi wa sita alipanda mwenyewe na lori, akitaka kuonekana. Simu ilikuja asubuhi, unakumbuka, tulikuwa tunabandika lebo.

"Wifi, nimekwisha."

"Kuna nini?"

"Imeganda. Tumeamka madumu yote meupe, kama mafuta ya nazi. Mpishi wa shule kapindua dumu, hakijatoka kitu. Wanasema nimewaletea unga wa muhogo. Jua limetoka lakini la huku halina makali, haiyeyuki. Mwenye nyumba ya wageni anataka niondoe mzigo wangu mlangoni pake. Wifi, wewe ndiye uliyenifundisha. Nifanye nini?"

Jibu lilikuwa hapa kwenye ulimi. Washa moto. Yatie madumu kwenye maji ya moto, subiri. Basi. Alikuwa amesimama uwanjani mwa shule yenye jiko la kupikia watoto wote wale, masufuria makubwa kama mitumbwi, kuni zimepangwa mpaka darini. Alikuwa na kila kitu isipokuwa neno langu.

"Pole wifi," nikasema. "Mie huko kwenye baridi sijawahi kufika."

Sikukata simu. Nilimwacha akate yeye. Nilimsikia anapumua, anangoja, kama mtu anayejua kwamba ndani ya chumba kuna mwenzake. Kisha akakata. Ulikuwa unanitazama, lebo imekunasa kidoleni.

"Mama..."

"Bandika."

Yaliyofuata nilisimuliwa na Shabani, dereva wa lile lori. Tatu aliyakata madumu kwa panga na kuyafukia yaliyomo katika shimo la taka nyuma ya jiko la shule, kwa aibu, watu wakimtazama. Kisha akajifungia kwenye lori, kajifunika kanga. Jioni wapishi wakamwaga shimoni maji ya moto ya kuoshea masufuria, kama wanavyomwaga siku zote. Shimo likafura. Povu likapanda likatoka nje, jeupe, kubwa, likatambaa mpaka uwanjani, watoto wakalikimbilia wakawa wanarushiana. Shabani alisema hajaona sabuni yenye povu kama ile. Tatu alikuwa amelala, hakuliona.

Nilipoambiwa hayo nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Sasa nakwambia usilolijua. Shabani alikuwa amejiwekea dumu moja la kuoshea gari. Likashuka naye mlimani, likapita joto la Morogoro, na lilipofika Chang'ombe lilikuwa limeyeyuka lote, safi kabisa. Tatu akaliona wakati linashushwa. Alilibeba, akaja nalo hapa Bunju. Ulikuwa umekwenda kupeleka mzigo Kunduchi.

Akalitua uani. Hakunisalimia.

"Imeyeyuka," akasema.

"Naona."

"Yenyewe."

"Naona, wifi."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaja kuniuliza."

Akapindua ndoo moja akaikalia. Bangili hazikuwepo. Alikuwa amekonda ghafla, shingo imetoka, na sikumwonea huruma, nakwambia kweli. Nilikuwa nimesimama, nikaendelea kusimama.

"Neno moja tu," akasema. "Moto. Ungeniambia neno moja tu kwenye simu."

"Na wewe ungewaambia wazee neno moja tu."

"Kaka yangu angekuwa hai angekulaani."

"Kaka yako angekuwa hai usingenibadilishia kufuli."

Akainamisha kichwa. Kuku wakaja kudonoa miguuni pake.

"Unataka nini?" akaniuliza. "Unataka banda? Chukua."

"Banda litakutoka lenyewe, huna cha kunipa. Nataka useme mtaji ulikuwa wa nani. Useme mbele ya wale wale."

Akanyanyuka. Alifika mlangoni, akageuka kama anayetaka kulirudia dumu lake, akaliacha. Sabuni ile nilifulia kanga zangu. Ina povu zuri kweli.

Mengine umeyaona. Wateja wake wa Dar walisikia, na hadithi ya unga wa muhogo ikashuka mlima kwa kasi kuliko lori. Kodi ya banda ikamshinda, na siku alipotoka mie niliingia. Kibao sikukibadilisha, jina lilikuwa lako toka zamani. Nikampa Shabani sabuni yangu ya slesi awapelekee watu wa Njombe, awaambie waiache nje mpaka asubuhi ndipo waseme. Waliiacha. Asubuhi wakaimimina, wakaagiza. Unakwenda kufungua duka juu ya lile povu, mwanangu, na sitaki ulionee haya.

Watu husema kisasi hakina utamu. Waache waseme, labda wao walikipika vibaya. Changu kilikuwa kitamu. Miaka yote niliyopita mbele ya kibao kile na kikapu kichwani, miaka yote niliyokuvuta mkono dukani, nililipwa asubuhi moja kwa simu. Nilikula vizuri. Nililala. Sikuota.

Lililonibaki kooni ni dogo. Siku ya sharubati nilimtazama usoni nikimjibu, na hapo sina neno. Lakini siku ya simu alikuwa mbali, hanioni, na mie nikajificha nyuma ya ule umbali. Sikwambii uwe kama mie, wala sikwambii usiwe. Ila ikifika siku unamnyima mtu neno, mnyime akiwa anakuona. Usimnyime kwa simu.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa nimeshakunja karatasi, mtu akapiga hodi.

Alikuwa yeye. Sasa amepanga chumba Mbagala, ana mashine ya kufumia, anafuma masweta ya shule. Nilijua, sikuwahi kukwambia. Alisimama nje ya geti na mfuko, hakujaribu kuingia.

"Nasikia Salha anaondoka."

"Kesho."

"Kule kule?"

"Kule kule."

Akatazama chini. Kisha akasema, polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mchangani: "Lile pipa la kwanza lilikuwa mahari yako. Kaka aliniambia siku ile ile alipolinunua. Alikuwa anajisifu mke aliyempata."

Salha, miaka yote hii niliyangoja maneno hayo. Niliyaota akiyasema kwa kilio, kwa magoti. Aliyasema amesimama, na jirani anapita na baiskeli.

"Kwa nini unaniambia mie?" nikamuuliza. "Mie ninajua. Waambie wazee."

"Nimetoka kwao sasa hivi."

Nilishika geti. Alininyooshea mfuko, nikaupokea, na mikono yetu haikugusana. Sikumkaribisha ndani. Sikumwambia asante. Nilimtazama mpaka akakata kona ya duka, halafu nikarudi nikafungua barua hii tena.

Usidhani nimelainika. Wazee watakuja, watasema yaishe, wataleta kahawa na kashata, na mie nitawaambia wanipe muda, nitautumia wote. Baadhi yao wameshakufa hawajui ukweli, nao nani atawaambia? Ulilala njaa wewe. Hilo halina wa kulifuta, hata akisimama kwenye kipaza sauti.

Ndani ya mfuko kuna sweta. Lako. Ni la rangi ya zambarau, zito, shingo ameifuma mara mbili. Nimelikagua mshono kwa mshono nikitafuta kosa, sikuliona, na hilo nalo limeniudhi. Nililiweka kwenye kapu la matambara. Kisha nikalitoa, nikalikunja, nikaliweka chini kabisa ya begi lako, chini ya viatu.

Livae. Njombe mwezi huu haina huruma. Lakini ukinipigia simu, usiniambie kama linatia joto.

Mama yako